Uhifadhi wa nishati

Uhifadhi wa nishati ni kanuni ya fizikia isemayo kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Hubadilika umbo tu. Katika thamodinamiki ndiyo sheria ya kwanza: ongezeko la nishati ya ndani ya mfumo ni joto lililoingia, ukitoa kazi iliyofanywa na mfumo huo. Daktari Mjerumani Julius Robert Mayer alieleza kanuni hiyo mwaka 1842.

Wilayani Korogwe, Tanzania, mfano wake ni kituo cha umeme cha Hale, cha megawati 21, kilichoanza kazi mwaka 1964 kwenye mto Pangani. Kilo moja ya maji ikishuka mita 10 huachilia jouli 98 hivi. Turbini huzigeuza kuwa mzunguko, jenereta kuwa umeme. Zisizofika kwenye nyaya zimeupasha joto mtambo na maji yenyewe.

Kwenye matanuri ya mkaa ya Handeni hesabu ni chungu zaidi. Moshi mweupe mzito wa mwanzoni ni mvuke kwa sehemu kubwa: joto limetumika kukausha kuni mbichi. Nishati nyingine hutoka na gesi kwenye nyufa za udongo, na gunia linalouzwa barabarani hubeba masalio tu. Iliyotoka haijaangamia, imetawanyika hewani. Kwa nini haikusanyiki tena ni suala la sheria ya pili ya thamodinamiki.