Kisu, Bomba na Pumzi ya Mtoto

Zamani, mbele ya kupatikana dawa ya dondakoo, ndiyo difteria, wazazi wa Ulaya waliuogopa ugonjwa huo kuliko mingine mingi. Utando mnene uliota kooni mwa mtoto, ukaziba njia ya pumzi, naye akafa mikononi mwa mama yake.

Waganga walijua tangu kale ya kuwa shingo yaweza kupasuliwa mbele, chini ya kongomeo, ili pumzi ipite. Walijua, lakini waliogopa. Bomba la pumzi la mtoto mchanga lina upana wa milimita 4 au 5 hivi; ni laini, huteleza chini ya kidole, na shingo yenyewe ni fupi na nene.

Mwaka 1825, mjini Tours katika Ufaransa, mganga Pierre Bretonneau alimpasua binti wa miaka 4, naye akapona. Mbele ya hapo alikuwa amekwisha kujaribu, na wagonjwa walikufa. Lakini kwa maoni yetu, mwanafunzi wake Armand Trousseau alifanya jambo kubwa zaidi: kazi ile aliifanya somo. Huko Paris alipasua watoto zaidi ya 200, akaokoa kama robo yao. Tusiseme ni wachache. Wote walikuwa wamekwisha kuhesabiwa pamoja na wafu. Naye aliwafundisha vijana wake kupasua polepole, hata mtoto akiwa anakoroma.

Kule New York, katika nyumba ya watoto waliotupwa iliyotunzwa na masista, mganga mkatoliki Joseph O'Dwyer alitafuta njia isiyo ya kisu. Tangu 1880 alipima makoo ya watoto waliokufa, akatengeneza mabomba madogo ya kupitishwa kinywani. Miaka ikapita mbele ya kufaulu. Mwaka 1885 akawatangazia wenzake. Waganga wa nusukaputi wa leo hupita njia hiyohiyo ya kinywa kila siku.

Kisha dawa ya damu ya farasi ikaenea tangu 1894, na baadaye chanjo, ile ambayo mama zetu hupeleka watoto kuipata. Kisu kikawa cha nadra. Shukrani kwa Mungu. Lakini mkono usiofanya kazi husahau. Mganga wa nusukaputi aweza kufanya kazi maisha yake yote asipasue koo la mtoto hata mara moja. Na siku bomba linapokataa kuingia, pumzi isipite hata kwa kifuniko cha uso, zabaki dakika chache tu, ubongo usidhurike.

Ajifunzie wapi? Si juu ya mtoto aliye hai. Kwa hiyo walimu wengine hutumia sungura waliokufa, maana bomba lao la pumzi lakaribia lile la mtoto mchanga. Mwanafunzi hupapasa, hupasua ngozi, hutafuta bomba, huingiza mpira, na mwenzake huhesabu sekunde. Kisha huanza tena. Kwa mtu mzima hupasua pale penye utando chini ya kongomeo. Kwa mtoto mdogo nafasi ile ni finyu mno, hivyo hufundishwa kushuka chini kidogo, juu ya bomba lenyewe, palepale alipopasua Bretonneau.