Kutoka Jedwali hadi Kihisio: Historia ya Usawazishaji wa Vipimo vya Usalama katika Mashine za Kunyanyulia zenye Mkono wa Kurefuka

Miongoni mwa mashine zilizoeneza matumizi ya mkono wa kurefuka katika mashamba na maeneo ya ujenzi ya Uingereza ni Loadall ya kampuni ya JCB, iliyozinduliwa mwaka 1977. Insha hii inajadili namna jukumu la kuzuia mashine hizo zisipinduke lilivyohama hatua kwa hatua kutoka kwa mwendeshaji hadi kwa fundi anayesawazisha vipimo.

Chimbuko la tatizo ni umbo la mashine yenyewe. Ekseli ya mbele ndiyo egemeo. Mzigo wa kilo 1,000 ulio mita 4 mbele ya egemeo hilo huwa na momenti maradufu ya mzigo uo huo ukiwa mita 2. Kwa hiyo, uwezo wa mashine hauelezeki kwa tarakimu moja. Katika kipindi cha awali, mwendeshaji alitegemea jedwali la mizigo lililowekwa ndani ya kibanda, akilinganisha pembe ya mkono, urefu wake na uzito aliokadiria. Fundi naye alishughulikia haidroliki: alipasha mafuta hadi joto la kazi, akaunga geji, kisha akarekebisha vali ya kupunguza shinikizo kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Hata hivyo, vali hiyo hulinda pampu, mipira na silinda. Hailindi mizani ya mashine. Silinda yenye nguvu ya kutosha huweza kunyanyua mzigo ambao mashine haiwezi kuuhimili.

Pengo hilo lilizibwa kwa kuweka kihisio kwenye ekseli ya nyuma. Mashine inapokaribia kupinduka kuelekea mbele, ekseli hiyo hupungukiwa na uzito, na kihisio hutambua badiliko dogo la umbo la chuma. Kiwango cha Ulaya EN 15000 cha mwaka 2008 kiliweka masharti ya viashiria na vidhibiti vya momenti ya mzigo. Kidhibiti hakikuishia kuonya, bali kilizuia mienendo inayoongeza hatari, kama vile kurefusha mkono, huku kikiruhusu kuurudisha. Agizo la Mashine la 2006/42/EC lilianza kutumika tarehe 29 Desemba 2009.

Kuanzia hapo, usawazishaji ulipata uzito mpya. Ingawa taratibu hutofautiana, msingi wake ni mmoja: mashine husimamishwa juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, tairi zikiwa na upepo sahihi, kipimo cha rejeo huchukuliwa, kisha mfumo huthibitishwa kwa mzigo wa majaribio wenye uzito unaojulikana. Kosa katika hatua hiyo halionekani. Taa ya kijani huendelea kuwaka, na mwendeshaji huiamini.

Aidha, kihisio hicho hupima mizani ya mbele na nyuma pekee. Mteremko wa ubavuni hubaki nje ya uwezo wake. Kwa mantiki hiyo, historia hii haioneshi kwamba kihisio kiliondoa haja ya jedwali. Inaonesha kwamba kiliongeza mtu wa pili katika dhamana ya usalama: fundi, ambaye aghalabu hayupo mzigo unaponyanyuliwa.