Kongo ya sika: jani la maua mazuri lililowashinda Wabelgiji na dawa yao

Kutoka Kinshasa mpaka Kisangani, msafiri wa mto analijua jani linaloelea juu ya maji kama kisiwa kinachotembea. Kwa Lingala linaitwa Kongo ya sika, maana yake Kongo mpya. Kenya na Tanzania wanaliita gugu maji. Vijana wengi wanafikiri liko mtoni tangu wakati wa mababu. Sivyo. Mto Kongo haukulijua mpaka miaka ya 1950. Historia yake inawahusu pia wakaaji wa mashariki, zaidi familia zilizokimbia vita na kujenga vibanda kando ya ziwa au mto, kwa sababu jani hili linahama pamoja na watu.

Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika maji ya mto Amazon. Kule kwao linaliwa na wadudu waliozaliwa nalo, kwa hiyo haliwezi kujaa kila mahali. Kilicholitoa kwao ni ua lake. Tangu mwisho wa karne ya 19, watu walilibeba kwenda kulipamba bustani na vidimbwi vya Marekani, Asia na Afrika. Walibeba jani, lakini wadudu wanaolila walibaki Amazon. Hiyo ndiyo siri ya nguvu zake: lilifika ugenini bila adui.

Mwaka wa 1952 lilionekana katika Mto Kongo. Kufikia 1955 lilikuwa limeenea kwenye zaidi ya kilometa 1,600 za mto, kati ya Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na Stanleyville, ndiyo Kisangani. Mwendo huo unaeleweka. Jani moja linazaa watoto pembeni, kila mtoto anashikwa na kamba nyembamba, kisha anakatika na kwenda zake. Mahali penye joto na maji yenye mbolea, shamba la jani hilo linaweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa wiki mbili hivi. Mkondo wa maji unalishusha. Kulipandisha ni kazi ya watu: linanasa kwenye boti, kwenye mitumbwi na kwenye nyavu, na safari inaendelea.

Wakati huo mto ndio ulikuwa barabara kubwa ya koloni. Mawese, pamba, mbao na abiria vilipita humo. Majani yalipoziba vivuko na midomo ya mito midogo, wavuvi walishindwa kutega, na serikali ya Wabelgiji ikaogopa kwa ajili ya biashara. Ikaamua kupiga vita kwa dawa. Kati ya 1955 na 1957, dawa ya kuua majani inayoitwa 2,4-D ilipulizwa mtoni. Kazi hiyo ilikula karibu faranga milioni 50, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kama dola milioni moja.

Dawa iliua majani mengi, lakini haikuyamaliza. Mto Kongo si mfereji mmoja. Una visiwa vingi, mito midogo isiyohesabika, na misitu inayosimama ndani ya maji. Sehemu ya katikati, mahali boti zinapita, ilisafishwa. Kule pembeni, mahali mashine haifiki, jani lilibaki kimya, likazaa, na mvua ikalileta tena. Mbegu zake nazo zinazama ndani ya matope na zinaweza kukaa huko zaidi ya miaka 15 zikiwa hai. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, na fujo za kisiasa kufuata, kazi kubwa kama ile haikuweza kuendelea. Leo jani liko, wale waliopuliza dawa hawapo.

Somo la pili linatoka mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jani hilo lilionekana katika Ziwa Victoria. Mto Kagera, unaotoka upande wa Rwanda na Burundi, uliendelea kulimwaga humo. Karibu na 1998 lilifunika kama hekta 20,000 za ziwa. Kule Kisumu mitumbwi ilishindwa kutoka ufukweni. Kule Jinja, Uganda, lilisumbua kituo cha umeme cha Owen Falls. Mito ya Uganda ikalishusha mpaka Ziwa Albert, ambalo upande wa pili ni Ituri.

Safari hii njia ilibadilika. Wataalamu walileta wadudu wawili wa aina ya Neochetina, wadogo kuliko punje ya mchele, ambao chakula chao ni jani hilo. Mdudu mkubwa anakwaruza jani, na mtoto wake anatoboa shina kwa ndani mpaka maji yanaingia na jani linazama. Uganda iliwaachia ziwani mwaka 1995, Kenya na Tanzania zikafuata 1997. Jambo la muhimu ni kwamba wavuvi walifundishwa. Walionyeshwa namna ya kuwafuga wadudu hao ndani ya vidimbwi vidogo, kisha kuwapeleka mahali jani limejaa. Baada ya 1998 eneo lililofunikwa lilipungua sana. Mawimbi na hali ya hewa ya El Niño pia vilisaidia kulivunja. Lakini mvua kubwa za mwisho wa 2006 ziliamsha mbegu zilizolala, na ghuba ya Kisumu ikafunikwa tena.

Historia hizo mbili zinaonyesha jambo moja. Pesa nyingi zilizotumiwa kwa kuchelewa zilishindwa na jani, na hata mdudu mzuri anataka miaka. Jani hili linazuiwa kwa urahisi siku lilipo moja, kumi au mia. Siku hiyo atakayeliona si mtaalamu. Ni mama anayeteka maji, mtoto anayeoga, mvuvi anayerudi alfajiri. Kama hawalijui, litapita mbele ya macho yao.

Namna ya kulitambua ni hii. Linaelea, halishiki chini, isipokuwa mahali maji yamepungua. Majani yake ni mazito, ya mviringo, yanang'aa. Shina la kila jani limevimba kama kichupa. Ukilipasua, ndani ni laini kama sponji iliyojaa hewa. Mizizi inaning'inia ndani ya maji kama manyoya meusi. Ua lake ni la zambarau hafifu, na ukuti wake wa juu una alama ya manjano. Wengine wanalichanganya na jani lingine linaloelea, lile linalofanana na salata: hilo ni la kijani hafifu, lina vinyoya laini, halina shina lililovimba wala ua kubwa.

Kulijua ni kwa faida ya afya na chakula. Chini ya majani yaliyobanana, hewa ya majini inapungua na samaki wanahama au wanakufa. Maji yanasimama, mbu wanapata makao, na konokono wanaobeba kichocho, yaani bilariziozi, wanajificha humo. Pale watu wanapoteka maji ya kunywa ziwani, kama inavyokuwa kwa familia nyingi za Uvira, Kalemie au Tchomia, kivuko kilichozibwa kinawalazimisha kuteka maji machafu ya ukingoni.

La kwanza ni kutolibeba. Mtu asilitoe mtoni kwa sababu ya ua lake na kulitia ndani ya kidimbwi, bwawa la samaki au beseni la kambini. La pili ni kulitoa mapema, zima zima, pamoja na mizizi, kabla halijachanua na kuangusha mbegu. Kulikatakata ndani ya maji ni kulipanda, maana vipande vinaelea na kuota kwingine. Lililotolewa lirundikwe mbali na ukingo, mahali mafuriko hayafiki, likauke kabisa. Likishaoza linakuwa mbolea, na Kisumu kuna watu wanaosuka vikapu kwa mashina yake makavu. La tatu, mtu asitupe dawa ya shambani ndani ya maji ambayo wengine wanakunywa. La nne ni kutoa habari: kwa shefu wa mtaa, kwa komite ya kambi, kwa agronomu wa eneo, kwa chama cha wavuvi. Na kazi ya kulitoa ifanywe na watu wazima wenye kujikinga miguu na mikono, kwa kuwa nyoka na konokono wanakaa humo.

Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa familia inayohama kutoka kivuko kimoja kwenda kingine, ufa wenyewe ni kipande cha jani kilichonasa kwenye wavu au chini ya mtumbwi. Dakika chache za kusafisha vyombo kabla ya kuondoka zinatosha kukiacha kilipotoka.