Pete Iliyojificha Ndani ya Ini

Ukitoka Hima kwenda mjini Kasese, Rwenzori inakusindikiza mkono wa kulia njia nzima. Nyuma ya milima hiyo iko Bwamba, na huko ndiko watafiti wa Entebbe walikokwenda mwanzoni mwa miaka ya 1940 kuisaka homa ya manjano. Taasisi yao ilikuwa imeanzishwa mwaka 1936 kwa msaada wa Rockefeller Foundation. Leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Walikipata kirusi cha homa ya manjano kwa mbu wa Bwamba, na mwaka 1942 msitu wa Semliki ukawapa kirusi kingine, kilichobeba jina la msitu huo hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1942 kilitokea kisa kinachonishangaza kila ninapokikumbuka. Chanjo ya homa ya manjano waliyochomwa askari wa Marekani ilikuwa imechanganywa na maji ya damu ya binadamu ili isiharibike. Ndani ya maji hayo mlikuwa na kirusi ambacho hakuna aliyekijua. Askari wapatao 50,000 waliugua, macho yakageuka manjano. Damu yao ilipopimwa miaka zaidi ya 40 baadaye, ilibainika kuwa waliougua walikuwa sehemu ndogo tu: walioambukizwa walikadiriwa kufika 330,000, na ugonjwa ulikuwa homa ya ini aina ya B.

Vipimo hivyo vilionyesha jambo jingine. Askari waliobaki na kirusi mwilini walikuwa wachache mno. Mtu mzima mwenye afya hukishinda mara nyingi. Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume: kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 hubaki nacho. Kinabaki wapi, na kwa nini hakitoki?

Jibu lilichelewa kwa sababu kirusi hiki kilikataa kukua maabarani. Virusi vingine ukiviweka kwenye chupa yenye seli hai vinazaana, nawe unatazama. Hiki kilikaa kimya. Mtafiti Baruch Blumberg alikuwa amekutana na alama yake kwenye damu miaka ya 1960, na mwaka 1970 madaktari wa Kampala wakatangaza katika jarida la Lancet kwamba alama hiyo inaonekana kwa wagonjwa wa Uganda wenye saratani ya ini. Hiyo ilikuwa kati ya kazi za mwanzo kabisa duniani kuunganisha mambo hayo mawili, na inastahili kutajwa zaidi ya inavyotajwa. 

Kisha ikaja Johannesburg. Mwaka 1976 mtafiti Jennifer Alexander na wenzake walitangaza kwamba wamefanikiwa kukuza seli za uvimbe wa ini wa kijana wa Msumbiji, mwenye umri wa miaka 24. Waliziita PLC/PRF/5. Seli hizo ziligawanyika bila kukoma, zikawa zinamwaga alama ya kirusi ndani ya maji ya chupa, siku baada ya siku. Kirusi kamili hazikutoa hata kimoja. Vipande vya DNA yake vilikuwa vimeshonwa ndani ya DNA ya kijana yule, vikawa sehemu ya mwili wake. Seli zake zimesambaa katika maabara za dunia nzima. Jina lake halimo kwenye jina la seli hizo, na hilo linaniuma.

Waliofumbua fumbo la kuzaana ni mabata. Mabata wana kirusi cha ini kinachofanana na chetu, na seli za maini yao zinakubali kuambukizwa chupani. Mwaka 1982 watafiti Jesse Summers na William Mason walionyesha kwamba kirusi hiki hujinakili kwa kurudi nyuma: DNA hutoa RNA, kisha RNA hugeuzwa tena kuwa DNA. Mwaka 1986 siri ya makazi yake ikafunuliwa. Kirusi kikiingia kwenye seli, DNA yake huenda hadi kwenye kiini na kufungwa kuwa pete ndogo. Pete hiyo ndiyo mama wa nakala zote. Nakala nyingine hutoka kwenda kuambukiza seli nyingine, nyingine hurudi kiinini kuongeza pete.

Kwa seli za binadamu, mwaka 1987 ilibidi watafiti wapandikize DNA ya kirusi kwa mkono ndani ya seli za maabara ziitwazo HepG2, nazo zikatoa virusi kamili. Mlango ambao kirusi hupitia chenyewe haukujulikana hadi mwaka 2012, Li Wenhui na kundi lake huko Beijing walipouona: ni protini ya ini inayopitisha chumvi za nyongo. Seli nyingi za maabara hazikuwa nao.

Hapo ndipo lilipo jibu la anayeuliza kwa nini dawa haiishi. Tenofovir, ileile inayotumika katika ARV, huzuia RNA isigeuzwe kuwa DNA. Nakala mpya hukatika, ini hupumzika, damu husafika. Pete haiguswi. Ukiacha vidonge kiholela, inaanza kazi upya, tena wakati mwingine kwa ukali.

Utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta asilimia 4.3 ya watu wazima wa Uganda wana kirusi hiki, kaskazini zaidi kuliko kusini-magharibi. Chanjo iliingia katika ratiba ya watoto mwaka 2002, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Aliyezaliwa Hima au Bwera mwaka 1995 hakuikuta kliniki. Leo ni mtu mzima, pengine ana watoto, na pete, kama anayo, haimuumi wala haimwashi. Kipimo ni tone la damu la kidoleni, na jibu hupatikana kabla hajaondoka kwenye benchi.