Rejista ya Darasa la Saba

Kwenye semina yetu ya uzamili nilisema nataka kuandika historia ya walimu wa Njombe wakati wa corona. Mwenzangu mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa, "Lakini sisi si hatukufungiwa?" Watu wakacheka kidogo. Ni kweli. Kenya waliwekewa kafyu, Uganda shule zao hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022, na sisi mabasi yaliendelea kukata kona Makambako kwenda Mbeya na Songea kama kawaida.

Ila shule zilifungwa. Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufunga shule zote, za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Kesho yake vikafuata vyuo, nami nikarudi nyumbani Mdandu. Kidato cha sita na vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni, wengine wakasubiri hadi 29 Juni. Siku 30 zilikuwa zimegeuka 104.

Mama yangu alikuwa anafundisha darasa la saba, shule ya serikali. Mshahara wake uliingia kila mwezi, na hapo ndipo adha ilipoanzia. Ulikuwa msimu wa ulanzi, na kilabuni watu walisema wazi kwamba walimu wanakula hela ya bure. Yeye wakati huo alikuwa anakesha na karatasi. Taasisi ya Elimu ilikuwa imeandaa vipindi vya televisheni na redio, jambo jema, lakini wengi wa watoto wake hawakuwa na televisheni, na wenye redio nyumbani walikuwa shambani wanang'oa maharage. Kwa hiyo aliandika maswali kwa mkono na kuyaacha dukani kwa jirani, mzazi akija kununua chumvi anamchukulia mwanawe.

Jioni moja alikuja baba mmoja. "Mwalimu, wakusanye hata watano tu, nyuma ya nyumba. Mtihani si utakuja?" Mama alinyamaza muda mrefu. Ndani alikuwamo bibi, kifua chake kibovu tangu zamani. Na takwimu za taifa zilikuwa zimekoma tarehe 29 Aprili, kwenye wagonjwa 480. Baada ya hapo mwalimu wa kijijini hakuwa na namba yoyote ya kumsaidia kuamua. Akikataa, ni mvivu. Akikubali na mtoto mmoja akakohoa, ni yeye. Alikataa. Yule baba hakumsalimia hadi Agosti. (Mimi nilikuwa upande wa yule baba, na nilimwambia hivyo mama. Sijivunii.)

Mjomba yeye alikuwa anafundisha hisabati shule binafsi Makambako. Huko mshahara ni ada, na ada hailipwi shule ikifungwa. Machi alipata nusu. Aprili hakupata kitu. Mei akaanza kununua viazi kwa wakulima na kuviuza kwa rejareja karibu na stendi. Alichokuwa anakiogopa si hasara, ni wanafunzi. Siku ya kwanza tu msichana wa kidato cha pili alipita na mama yake, akapiga goti, "Shikamoo, mwalimu." Mjomba aliitikia huku anafunga gunia ambalo lilikuwa tayari limefungwa. Shule ilipofunguliwa iliita baadhi ya walimu, yeye hakuitwa. Bado anauza viazi, siku hizi na parachichi. Nilipomwomba nimhoji kwa ajili ya tasnifu alisema, "Mjomba, andika wa serikali. Sisi hatumo popote." Nadhani ana haki kuliko anavyojua. Serikali ilitoa tarehe na matamko, lakini mwalimu asiyelipwa na mwajiri binafsi hakuacha hata hati moja ya malipo. Mwanahistoria hana pa kumpata isipokuwa stendi.

Mama aliacha karatasi. Juzi niliomba kuiona rejista ya mwaka ule, akaitoa kabatini ofisini. Kuanzia 17 Machi amepiga mstari mrefu wa rula, juu yake ameandika LIKIZO YA CORONA, kama vile alikuwa likizo. Kuanzia 29 Juni vitiki vinaanza tena, vimebanana. Vipindi viliongezwa, mtihani ulikuwa Oktoba, na matokeo yangesomwa kwa jina lake.

Majina matatu hayana vitiki. Nikamuuliza.

"Huyu alikwenda Dar, kazi za ndani. Huyu sijui. Huyu alikuwa na mimba."

Wakati ule msichana mwenye mimba hakuruhusiwa kurudi shule. Ruhusa ilikuja Novemba 2021. Mbele ya majina yote matatu imeandikwa neno moja, mtoro.

"Kwa nini mtoro, mama?"

"Ungeandika nini wewe?" Akafunga rejista, akairudisha kabatini, maana kengele ilikuwa imegongwa.