Mzaha wa Mtu wa Pangoni

Santuri moja ya mwaka 1972 ilikusudiwa kuchekesha. Katika "Troglodyte (Cave Man)", Jimmy Castor, mpiga saksofoni wa New York, anasimulia kwa sauti nzito kisa cha mtu wa pangoni anayesaka mwenzi. Besi inakokota mdundo uleule, miguno inajibu. Mzaha huo ulifika nafasi ya 6 kwenye chati ya Billboard nchini Marekani.

Ma-DJ wa mtaa wa Bronx, New York, walivutiwa zaidi na wimbo mwingine wa albamu yenye mzaha huo, "It's Just Begun". Kwa nakala mbili za santuri, DJ alirudiarudia kipande chenye ngoma tupu, na wacheza breki (breakdance) wakashuka sakafuni. Mashine za kunasa sauti zilipoingia, hata neno moja la Castor likawa mali ya kudokolewa, yaani kukatwa na kutiwa katika wimbo mpya. Kundi la rap la Beastie Boys lilidokoa sauti yake katika "Hold It Now, Hit It" (1986). Castor akawashtaki, miaka kadhaa kabla ya kesi maarufu ya 1991 ya rapa Biz Markie kuhusu kudokoa nyimbo.

Castor alifariki Januari 2012.