Chama Wakati wa Maradhi: Habari za Nakuru tangu Sotoka hata Korona

Kila mwaka kijitabu hiki huwaletea wanachama hesabu ya fedha, majina ya walioingia na majina ya waliozikwa kwa msaada wa chama. Mara hii tumeona yafaa kuongeza habari za kale kidogo. Vijana wetu wametuuliza, wala si kwa utani, chama kina faida gani ikiwa yaweza kuja siku ambapo hata kukutana ni marufuku, kama tulivyoona katika miaka ya korona. Swali hilo ni la haki, nasi twajaribu kulijibu kwa mambo yaliyotokea katika Bonde hili hili tunamokaa.

Kabla ya reli, nchi ya Nakuru na Naivasha ilikuwa malisho ya Wamasai. Yapata mwaka 1890 sotoka iliingia katika ng'ombe zao ikawaua wengi mno. Nyuma yake ikaja ndui kwa watu wenyewe, na njaa pamoja nayo. Wakati huo huo oloiboni mkuu, Mbatian, alifariki dunia, na wanawe wawili, Lenana na Senteu, wakagombea cheo cha baba yao, kila mmoja na watu wake. Basi watu waliokuwa wagonjwa na wenye njaa wakapigana wao kwa wao kwa miaka mingi. Lenana alishikana na Waingereza, na mwaka 1904 yakafanywa mapatano ambayo kwayo Wamasai waliondoka katika nchi hii ya kati, wengine wakapelekwa Laikipia, ambako nako walikuja kuondolewa baadaye. Hatusemi kwamba maradhi peke yake ndiyo yaliyowatoa. Bunduki za wageni zilikuwepo, na reli ilikwisha fika Nakuru mwaka 1900. Lakini wazee wetu watakubali kwamba nyumba iliyogawanyika siku ya msiba haina wa kuisemea mgeni akibisha hodi.

Maradhi ya pili yalikuja kwa reli hiyo hiyo. Mwezi wa Septemba 1918 homa kali ya mafua, ile iliyokuwa ikiua watu duniani kote, ilishuka Mombasa kutoka melini, ikapanda gari moshi na kuja bara stesheni baada ya stesheni. Iliwakuta watu wamekwisha choka. Vita vya Wajerumani vilikuwa havijaisha; wapagazi wa Kariakoo waliofia vitani kutoka nchi hii walikuwa zaidi ya 40,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara na kwa homa. Mvua nazo zilikosekana mwaka huo, na njaa ikaingia. Katika mashamba makubwa ya walowezi, kuanzia Naivasha hata Njoro, walikaa watu waliotoka mbali, ambao hawakuwa na mzee wa ukoo karibu. Sheria iliyotungwa mwaka huo huo wa 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Siku za kazi zilihesabiwa vizuri sana. Ni nani aliyehesabu wagonjwa wa kambini? Mtu aliyelala kwa homa katika shamba la ugenini alitegemea huruma ya mwenzake wa kibanda cha pili, naye mwenzake labda alikuwa amelala vile vile.

Twaamini kwamba upweke wa namna hiyo ndio uliowafundisha wazee wetu thamani ya chama. Mwaka 1923 kule Nyanza, ambako reli hii iliishia, kilianzishwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association, chini ya uongozi wa Arkidiakoni Owen. Wengi hukumbuka malalamiko yake juu ya kodi na kazi ya lazima. Lakini chama hicho kiliwataka pia wanachama wake wachimbe vyoo, waue panya na wapande miti. Vijana huweza kuicheka habari ya panya. Hata hivyo, panya ndio waletao tauni, na chama kinachomtaka mwanachama atoe panya pamoja na ada kimefahamu kazi yake.

Sasa tuje kwenye mambo tuliyoyaona kwa macho yetu. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa kufungwa, na tarehe 27 kafyu ikaanza, tangu saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mikutano ikakatazwa. Mazishi yakawekewa watu wasiozidi 15. Kwa watu kama sisi, ambao heshima ya marehemu hupimwa kwa wingi wa waliomsindikiza, amri hiyo ilikuwa nzito kuliko barakoa na kuliko kafyu. Ni nani atakayemwambia shemeji kwamba yeye ni wa kumi na sita?

Shida ya pili ilikuwa ya uongozi wenyewe. Ugonjwa huu uliwaua zaidi wazee, nao wazee ndio wenyeviti na washauri wa vyama vyetu. Ilibidi waliozoea kukaa mbele wakae nyumbani, na vijana wapokee michango kwa simu. Hapa twashukuru jambo moja: tangu katikati ya Machi hata mwisho wa mwaka 2020, kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukutozwa ada, na michango midogo ya wanachama ni ya kiasi hicho. Lakini simu haikutosha. Wapo kina mama wa Kaptembwo na Rhonda wasiokuwa na simu ya maana, na wapo wazee wasiosoma ujumbe. Habari zao ziliendelea kupatikana kwa njia ya zamani, jirani akisimama mlangoni mbali kidogo na kuuliza hali. Sisi twaona kwamba aliyesimama mlangoni alikiongoza chama siku zile sawasawa na aliyetia sahihi barua.

Tarehe 26 Machi 2021 Serikali iliunganisha Nakuru na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado kuwa eneo moja la maradhi. Hakuna kutoka wala kuingia, kwa barabara, kwa reli wala kwa ndege, mpaka tarehe 1 Mei. Wanachama wenye kwao Kisii, Siaya na Kakamega walifungiwa huku. Waliofiwa wiki zile watatufahamu bila maneno mengi.

Lakini jambo lililokaribia kuvigawanya vyama lilikuwa fedha. Naivasha, soko la maua la Ulaya lilipoanguka mwezi wa Machi 2020, wafanyakazi kwa maelfu walirudishwa nyumbani. Matatu zilipunguziwa abiria, na mahoteli ya watalii yakafungwa. Watu wakaja kuomba mikopo katika hazina ya mazishi. Wazee wengine walikataa kabisa, wakisema fedha ya maiti haililiwi ugali na walio hai, na kwamba mazishi ya kesho hayatangoja. Hoja yao haikuwa ya upuuzi, kwa maana misiba ilizidi kweli. Wengine walisema kwamba kumzika vizuri mtu uliyemwacha ashinde na njaa ni aibu. Hoja hii ya pili ndiyo iliyoshinda kwetu, kwa shida. Hazina ilifunguliwa, kwa kiasi, kwa wenye watoto kwanza.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na Desemba mosi Nakuru ikapewa hati ya kuwa jiji kwa sherehe kubwa. Mikutano imerudi. Ila mikopo ile haijarudi yote. Wengine wa waliokopa wamehama, wengine wamefariki, na wako wanaokuja mkutanoni na kukaa nyuma karibu na mlango kwa sababu ya deni hilo. Mweka hazina ataka ilipwe, kama ilivyo kazi yake. Maoni ya sisi tulioandika habari hizi ni kwamba ya waliofariki ifutwe, na ya walio hai wapewe muda bila kutajwa majina hadharani. Shauri hili litaletwa mbele ya mkutano mkuu, na kila mwanachama aliyelipa ada atakuwa na kura yake.